MREJESHO: Binti yangu na mafumbo ya hisabati

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu binti yangu wa darasa la saba: kuzidisha na kugawanya anaweza, ila akikutana na fumbo anajumlisha kila namba anayoiona.

Mliosema aanze na sentensi ya mwisho, kisha anisimulie fumbo kwa maneno yake bila namba, Mungu awabariki. Tulifanyia mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nikisubiri wateja. "Mama aliuza 3/5 ya sato wake, wakabaki 24. Alikuwa na wangapi?" Mwanzo alitafuta 3/5 ya 24, akapata 14.4. Nikamuuliza, hiyo nukta nne ni mkia au kichwa? Akacheka, akachora mafungu matano mchangani, akafuta matatu. Mawili yaliyobaki ndiyo 24, fungu moja 12, wote 60.

Kinachomsumbua bado ni neno "zaidi". "Juma ana samaki 40, ni 15 zaidi ya wa Asha." Anajumlisha, Asha anapewa 55 badala ya 25! Yule aliyeshauri akariri kwamba "zaidi" maana yake jumlisha, samahani mkuu, hapo ulitupoteza.

Jaribio la juzi kapata mafumbo 4 kati ya 6. La kabla yake alipata 1.