Naomba ushauri: mama anaacha dawa za presha akijisikia nafuu

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 63, tunaishi naye Tanga. Ana presha ya kupanda, daktari kamwandikia amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku. Shida ni kwamba kichwa kikitulia tu, anaacha. "Mimi mzima, dawa ya nini?" Juzi nilikuta vidonge kavifunga kwenye pindo la khanga, vya siku tisa. Nilipompima ilisoma 172/101, na yeye amekaa anachambua mchele, haumwi popote! Hapo ndipo niliogopa kweli, maana presha inaweza kukuharibia figo au kukuletea kiharusi huku hujisikii kitu.

Chumvi tumepunguza jikoni, ila ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, hataki kuachana naye, na wajukuu ndio anaowatuma dukani. Wadogo zangu wanasema nimwache, ni mtu mzima. Mimi siwezi.

Mnaouguza wazazi wenye presha, mliwezaje kumzoesha mzazi dawa bila kugombana naye? Na kumpima asubuhi na jioni inatosha, au ndiyo namzidishia wasiwasi? Kliniki tunarudi wiki ijayo, nitamweleza daktari yote.