UZI: Msiniulize tena kwa nini sijapanda cheo, ulizeni nilipangwa pamoja na nani

Wadau, niko Nairobi kwa livu na tayari nimechoka. Si foleni ya Jogoo Road, si jua. Ni swali moja tu. Kila nyumba ninayoingia, Donholm hadi Kariobangi, chai haijapoa mtu ananiuliza: "Na wewe bado ni ile E-5? Si mliingia pamoja na kijana wa akina fulani, mbona yeye ashakuwa E-6?" Mjomba wangu mmoja amevuka mipaka, amesema mbele ya wageni kwamba huenda huko melini nalala. Nalala! Mtu ambaye hajawahi kuona bohari la manowari saa tisa usiku ananiambia nalala.

Basi naandika mara moja, kila atakayeuliza nitamtumia hii. Mimi ni mwanamaji wa Marekani, kitengo cha bohari, cheo changu ni E-5 na kinachofuata juu yake ni E-6. Meli siitaji, chifu wangu (si chifu wa kata, ni msimamizi wangu melini, cheo cha juu ya E-6) simtaji, na kama unanijua nyamaza tu. Nitakayoyasema kuhusu utaratibu wa tathmini si siri ya jeshi, yameandikwa wazi na mtu yeyote anaweza kuyasoma.

Kila mwaka mwanamaji asiye afisa huandikiwa tathmini. Ya E-4 hufungwa tarehe 15 Juni, yetu sisi E-5 tarehe 15 Machi, ya E-6 tarehe 15 Novemba. Unapewa alama kuanzia 1.0 hadi 5.0 katika mambo saba: ujuzi wa kazi, ubora wa kazi, nidhamu na mwenendo wa kijeshi, bidii, ushirikiano, uongozi, na jinsi unavyowaheshimu wenzako kazini. Mpaka hapo sina neno. Shida iko kwenye kisanduku cha 45 cha fomu hiyo. Hapo mkuu wa meli anatia alama moja tu, na hiyo ndiyo inayokufuata: P, yaani unafaa kupandishwa, MP, lazima upandishwe, au EP, upandishwe mapema. Viko vingine viwili chini yake, na ukitiwa huko cheo kisahau kwa sasa.

Sasa sikizeni vizuri, mjomba hasa. EP haziruhusiwi kuzidi asilimia 20 ya kundi. Kwa E-5 na E-6, EP na MP zikijumlishwa haziruhusiwi kupita asilimia 60. Kwa hivyo tukiwa E-5 thelathini chini ya mkuu mmoja, EP ni 6, ukiongeza MP mnafika 18, na hao 12 waliobaki wanakula P hata kama wote thelathini wamechapa kazi mpaka viganja vikachubuka. Lazima watu 12 wakae chini. Imeshaamuliwa kabla hata mwaka haujaanza, kilichobaki ni kutafuta majina.

Na kundi lenyewe ni la cheo, si la kazi. Mimi wa bohari napangwa pamoja na fundi wa injini, mpishi, mtu wa rada, mtu wa silaha, karani wa ofisi, mradi wote ni E-5. Nani atanieleza unampimaje anayetafuta vipuri dhidi ya anayetengeneza rada? Chifu wa rada anapiga debe kwa mtu wake, wa injini kwa wake, na machifu hao ndio hukaa kikao kutupanga wa kwanza hadi wa mwisho kabla karatasi haijapanda kwa wakubwa. Chifu wako akiwa mpole, au akiwa mgeni, au akiwa hajali, wewe ndiye unalipa.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo linanitoa machozi ya hasira.

Ukishapewa alama yako katika kundi hilo la mchanganyiko, unaingia kwenye mtihani wa cheo, Machi au Septemba, na huko hushindani tena na wale wa rada na injini. Unashindana na watu wa bohari wenzako wa jeshi zima! Alama za mtihani, kati ya 20 na 80, zinajumlishwa na tathmini zako, medali, elimu na muda uliokaa kwenye cheo, halafu nafasi zilizo wazi zinagawiwa kuanzia juu. Anayetafuta E-6 tathmini inambeba kuliko mtihani wenyewe. Lakini hizo tathmini tunazoshindanishwa nazo zimetoka wapi? Za mwenzangu zimeandikwa na mkuu mwingine, katika kundi lingine, la ukubwa mwingine.

Yule kijana wa akina fulani mnayenilinganisha naye alipelekwa kituo kidogo cha nchi kavu. E-5 wako watano. Kundi la watu watano lina EP moja, na yeye ndiye aliyekuwa na umri mkubwa kituoni. Simwonei wivu, ni rafiki yangu, tumekula naye githeri ya maharagwe ya kopo huko ughaibuni tukilia kwa kicheko. Lakini mseme ukweli: mimi nilikuwa nagombania EP na umati wa meli nzima, yeye na watu wanaoenea kwenye meza moja. Wapo hata walio peke yao kwenye kundi, wa kwanza wao na wa mwisho wao, na kanuni inaruhusu wapewe EP. Halafu sote tunamwagwa kwenye mizani moja.

Wenyewe wakubwa wanajua kuna kasoro, ndiyo maana alama zako hulinganishwa na wastani wa alama zote ambazo mkuu huyo amewahi kuwapa watu wa cheo chako. Ukiwa na mkuu mwenye mkono wazi, 4.0 yako haimshtui mtu. Akiwa bahili, 3.8 inang'aa. Sawa, inasaidia kidogo kwa wakuu wanaogawa alama ovyo. Haigusi kabisa hili la kundi.

Na sasa zamu. Hakuna karatasi yoyote iliyoandika kwamba EP hutolewa kwa zamu, lakini muulize yeyote aliyekaa melini. Ukifika mpya unapewa P. Mwaka unaofuata, ukitulia, MP. Wa tatu, ukikaribia kuondoka, EP ya kwaheri. Kisha unahamishwa, unafika meli mpya, unaanza P tena kama kuruta. Mimi nilihamishwa miezi michache kabla ya Machi. Nikakuta bohari lina vipuri vilivyoandikwa kwenye kompyuta na havimo rafuni, na vilivyomo rafuni havimo kwenye kompyuta. Nikakaa na vijana wangu usiku kwa usiku tukahesabu kila kitu, boliti kwa boliti. Wakaguzi walipokuja hawakupata la maana la kuandika. Siku ya kusomewa tathmini chifu akanitazama usoni akasema, "Kazi yako ni nzuri sana, lakini umefika juzi, wako waliokutangulia."

Waliokutangulia kufanya nini? Kufika!

Nikamuuliza kuhusu ushauri wa katikati ya mwaka, ule ambao sheria inataka mkubwa wako akae nawe akuambie unapungukiwa wapi. Fomu ina visanduku vyake: 30 tarehe ya ushauri, 31 jina la aliyekushauri, 32 saini yako. Wangu ulifanyika hivi: nilikuwa nimeshika orodha, tunapokea shehena, chifu akapita, akaweka karatasi juu ya sanduku la vichujio vya mafuta, akaweka kalamu juu ya karatasi. "Saini hapo, unaendelea vizuri." Hakusimama hata dakika mbili. Kwenye faili inasomeka kwamba nilishauriwa. Kama nilikuwa naendelea vizuri Septemba, P ya Machi ilitoka wapi? Kama nilikuwa naendelea vibaya, mbona hukunena?

Aliyepata EP kwenye idara yetu alikuwa kamati ya burudani. Aliandaa sherehe ya Krismasi ya meli. Jamaa ni mtu safi na nyama alichoma mwenyewe, siwezi kumsema vibaya. Ila hizi kazi za pembeni, kamati, kujitolea wikendi kupaka shule rangi, ndizo zinazojaza mistari ya tathmini, kwa sababu zinapendeza kusomwa. "Alihesabu boliti" haipendezi.

Na mistari yenyewe unaandika wewe. Watu hapa nyumbani hawaamini nikiwaambia. Unapewa karatasi ujisifu, nafasi ya maoni ni mistari michache tu, na chifu anachukua anachotaka. Mmarekani amefundishwa tangu chekechea kusimama mbele ya darasa akasema yeye ni hodari. Mimi nimelelewa na nyanya ambaye ukijisifu kidogo tu alikukata, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mara ya kwanza niliandika "nilisaidia kupanga bohari". Nilisaidia! Niliyeongoza kazi yote nimejiandika msaidizi. Mwenzangu aliyebeba masanduku yangu siku moja aliandika kwamba aliongoza ukarabati wa mfumo mzima wa vipuri, akaweka na thamani yake kwa dola. Wakenya wengi niliokutana nao jeshini wanaumia hapa hapa, na hakuna anayewaambia.

Jambo jingine ambalo vijana wa hapa hawaambiwi: ukiingia na grini kadi bila uraia, kazi zinazohitaji kibali cha usalama hupati. Unabaki na chaguo chache: jikoni, bohari na nyinginezo za namna hiyo. Na kupanda cheo kunategemea nafasi zilizo wazi ndani ya kazi yako. Unaweza kupata EP, ukafaulu mtihani, na bado ukaletewa barua kwamba umefaulu ila hukupandishwa kwa kuwa nafasi zimeisha. Ukibahatika unapewa pointi kidogo za kifuta machozi, msimu ujao unarudi foleni.

Walimu wa hapa walipopigia kelele TPAD, ule mfumo wa kupima utendaji wao, ilipoanzishwa mwaka 2016, kuna watu waliwacheka eti wanaogopa kupimwa. Mimi leo nawaelewa. Hakuna anayekataa kupimwa. Tunakataa kujaziwa fomu halafu tunaambiwa tumepimwa.

NYONGEZA, maana naona maswali yamejaa:

Aliyesema nikate rufaa: haki hiyo ipo na naijua. Ukisaini tathmini unachagua kama utaandika taarifa yako au la, na una miaka miwili ya kuiwasilisha. Ipo pia bodi ya kusahihisha kumbukumbu za wanamaji. Lakini kwa madai gani? Chifu hakuvunja kanuni hata moja. P si adhabu, inasema nafaa kupandishwa. Nikiandika taarifa itakaa kwenye faili langu kando ya tathmini, na siku nitakapofikiria uchifu, bodi inayokaa Millington, Tennessee, kusoma mafaili itaanza na malalamiko yangu. Kwa hivyo haki ninayo, na inaniogopesha.

Aliyesema nirudi nijiunge na KDF, jeshi letu la Kenya, eti kambi ya wanamaji ya Mtongwe, Mombasa, ni karibu na nyumbani: kaka, KDF inaandikisha kuruta wa miaka 18 hadi 26. Hesabu mwenyewe.

Dada aliyeuliza kwa ajili ya mdogo wake wa Zimmerman anayesubiri tarehe ya kwenda kambini: simkatazi. Mshahara upo, uraia upo, shule analipiwa. Mwambie tu haya. Awe na daftari, kila wiki aandike alichofanya na kwa idadi, asingoje mwezi wa tathmini kukumbuka. Akifika kituo kipya aulize wiki ya kwanza: kwenye cheo changu tuko wangapi, na tathmini inafungwa lini? Akiona ametakiwa kuhama wiki chache kabla ya kufungwa, aombe tarehe isogezwe, atakataliwa lakini aombe. Ushauri wa katikati ya mwaka asisaini akiwa amesimama. Aombe kiti. Na ajifunze kuandika "niliongoza", hata kama mkono unatetemeka.

Aliyesema "vumilia, wakati wa Mungu ndio bora": asante, pita. Huu uzi ni wa watu wenye kundi la watu zaidi ya ishirini na P mkononi. Kama wewe ni mmoja wao, au kuna mkuu aliyewahi kumpa mgeni EP mwaka wa kwanza, andika hapa chini ulifanyaje. Na mjomba, nimeshakutumia, nione tiki za buluu.