Ryzen 5 2600 kwenye ubao mama wa bei nafuu: kompyuta haitulii ninapoongeza kasi hadi GHz 4.0

Mchoraji_Nyali ameuliza:

Ndugu zangu, hamjambo. Ninaomba msaada kuhusu mashine ninayoitumia kutengeneza picha za nyumba kwa Blender. Kadi yangu ya picha ni ndogo, kwa hiyo kazi yote huangukia prosesa, nayo hutumika kwa asilimia 100 kwa muda mrefu bila kupumzika. Prosesa yenyewe ni Ryzen 5 2600 yenye viini 6, ambayo kiwandani imewekewa kasi ya msingi ya GHz 3.4 na kilele cha GHz 3.9. Ubao mama una chipseti ya B450 na ni wa bei ya chini kabisa katika kundi hilo. Sehemu yake ya VRM, yaani ile safu ya koili na mosfeti inayoshusha volti 12 za pawasaplai hadi kiwango kinachohitajiwa na prosesa, ina awamu nne kwa ajili ya viini na haina bamba la kupozea. Niliiondoa feni iliyokuja na prosesa nikaweka kipoza cha mnara chenye feni ya milimita 120. RAM ni vipande viwili vya GB 8, vya kampuni mbili tofauti, navyo vinafanya kazi kwa XMP (mipangilio ya kasi iliyoandaliwa na mtengenezaji wa RAM) ya 3200.

Nimeweka kizidishi 40 (mara MHz 100, yaani GHz 4.0) na volti 1.35. Jaribio la Cinebench linamalizika salama kila mara, lakini nikianza kazi ndefu ya Blender, baada ya nusu saa hivi hutokea moja kati ya mambo matatu: picha huganda na kipanya hakisogei tena, au kompyuta hujizima na kuwaka yenyewe, au kasi hushuka ghafla hadi chini ya GHz 1 kisha hurudi. Joto la prosesa halizidi nyuzi 78, ingawa chumba changu hapa Mombasa huwa na nyuzi 31 mchana. Je, nipandishe volti hadi 1.4, au ubao huu umefika mwisho wa uwezo wake?

Kapasita amejibu:

Ndugu Mchoraji, tafadhali usipandishe volti kwa sasa. Umetaja dalili tatu ambazo si lazima ziwe na chanzo kimoja, na ukiongeza volti kabla ya kuzitenganisha, unaweza kuponya moja huku ukizidisha nyingine, kisha ukabaki hujui lipi limesaidia.

Umebadilisha kasi ya prosesa na kasi ya RAM kwa pamoja, na hapo ndipo ningeanzia. Katika kizazi hiki cha Ryzen, njia ya ndani inayounganisha viini na RAM hufuata mwendo wa RAM yenyewe, kiasi kwamba RAM ya 3200 huilazimisha njia hiyo na kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa kwenda kwa MHz 1600. AMD wenyewe waliitangaza Ryzen 5 2600 kwa RAM isiyozidi 2933. Hiyo 3200 iliyoandikwa kwenye kibandiko ni ahadi ya mtengenezaji wa RAM kuhusu chipu zake, wala haisemi lolote kuhusu kidhibiti kilichomo katika prosesa yako. Unapochanganya vipande vya kampuni mbili, ubao unalazimika kutafuta mipangilio itakayovifaa vyote viwili, na ubao wa bei nafuu mara nyingi haufanyi kazi hiyo vizuri.

Kwa hiyo rudisha prosesa kwenye mipangilio ya kiwandani, acha RAM kwenye 3200, kisha uendeshe MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi usiku kucha. Hata kosa moja ni kosa. Usijiambie kwamba moja ni dogo. Baadaye fanya kinyume chake: zima XMP, rudisha kizidishi 40, uendeshe Prime95 kwa jaribio la Small FFT, ambalo hukaa zaidi ndani ya prosesa na halisumbui sana RAM. Hakikisha pia kwamba vipande vyako vimekaa katika nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, iwapo ubao una nafasi nne.

Jambo la mwisho: fungua Event Viewer ya Windows. Tukio la Kernel-Power namba 41 linakueleza tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa, na wengi hupoteza muda kulifuatilia. Linalofaa kutafutwa ni la WHEA-Logger, yaani rekodi ya Windows ya makosa ya vifaa. Namba 19 ni kosa ambalo prosesa imelisahihisha yenyewe, na namba 18 ni lile iliyoshindwa kulisahihisha. Likitajwa kosa la kashe (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa), mara nyingi viini vinapata volti pungufu kwa kasi uliyoiweka.

Zuu_Fundi amejibu:

Ninaunga mkono yote aliyoyasema Kapasita, ila ile dalili ya tatu haihusiani na RAM hata kidogo. Kasi inaposhuka chini ya GHz 1 ghafla, huku prosesa ikiwa na nyuzi 78 tu na kikomo chake kikiwa 95, wa kwanza kushukiwa ni VRM. Ubao umehisi joto kali katika mosfeti na umeiamuru prosesa ipunguze mzigo ili zisiungue.

Tuhesabu kidogo. Prosesa yako kwa GHz 4.0 na volti 1.35 inaweza kufikia wati 100 katika mzigo mzito. Wati 100 kwa volti 1.35 ni takriban ampea 74, nazo zinagawanywa kwa awamu nne tu, ambapo kila moja inabeba zaidi ya ampea 18. Hata kama VRM inapoteza asilimia 10 tu ya umeme huo, tayari una zaidi ya wati 10 za joto katika mosfeti ndogo zilizolala juu ya ubao bila bamba lolote. Katika chumba chenye nyuzi 31, ndani ya keisi huenda ni nyuzi 40, na joto hilo halina pa kwenda.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawaligundui wanapobadilisha kipoza. Feni ndogo iliyokuja na prosesa hupuliza hewa kuelekea chini, na hewa hiyo ikigonga ubao husambaa pembeni na kuzipoza mosfeti na koili zilizozunguka prosesa. Kipoza cha mnara hupuliza hewa sambamba na ubao, kuelekea nyuma ya keisi. Prosesa hupata nafuu kubwa, lakini VRM hunyimwa upepo mdogo iliokuwa ikiupata bure. Ndiyo maana kipimo chako cha nyuzi 78 kinakutuliza moyo wakati sentimita chache kutoka hapo mambo yameharibika.

Usiziguse mosfeti kwa kidole. Kama una multimita yenye waya wa kupimia joto, bandika ncha yake nyuma ya ubao, mkabala wa mosfeti, kwa utepe unaostahimili joto, na uhakikishe kwamba chuma cha ncha hakigusi sehemu yoyote yenye umeme. Anzisha kazi ya Blender na uangalie namba inavyopanda. Ikipita 100 na bado inapanda, umepata jibu. Tiba ni feni ya milimita 80 iliyofungwa juu ya VRM ikipuliza moja kwa moja, pamoja na vibamba vidogo vya alumini vyenye gundi ya kupitisha joto ukivipata. Binafsi ninaithamini feni kuliko vibamba, kwa sababu bamba lisilo na upepo hujaa joto likabaki hivyo.

NusuVolti amejibu:

Ninaomba kutoa maoni tofauti kwa heshima. Ndugu Mchoraji anaishi kwa kazi hii, kwa hiyo inafaa kuuliza anapata nini hasa. Joto la prosesa hukua sawia na kasi, lakini kwa volti hukua kwa mraba. Tuseme kwa mipangilio ya kiwandani prosesa yake hukaa GHz 3.7 kwa volti 1.2 viini vyote vikifanya kazi. Kwenda GHz 4.0 kwa volti 1.35 ni ongezeko la asilimia 8 la kasi kwa ongezeko la karibu asilimia 37 la umeme na joto. Picha iliyokuwa ikichukua saa moja itaokoa dakika nne na nusu, ilhali kompyuta ikijizima mara moja katikati ya kazi, inapoteza akiba ya siku nzima.

Pendekezo langu ni GHz 3.9. Ukiweka kizidishi kwa mkono, mfumo wa prosesa kujipandishia kasi huzimika, kwa hiyo chini ya 3.9 utapoteza kilele ulichokuwa nacho katika programu zinazotumia kiini kimoja. Kwa 3.9 hupotezi chochote, na volti karibu na 1.275 huzitosha nyingi za prosesa hizi, ingawa hakuna mbili zinazolingana kabisa.

Mchoraji_Nyali amejibu:

Ninawashukuru sana. Nimefuata maelekezo na matokeo yameniridhisha kuliko nilivyotarajia.

RAM ilitoa makosa katika MemTest86 kwa 3200 hata prosesa ikiwa ya kiwandani. Nilipoishusha hadi 2933 kwa volti zilezile 1.35 za RAM, haikutoa kosa lolote usiku kucha, na kuganda kumekwisha. Waya wa joto nyuma ya ubao ulionyesha nyuzi 109 kabla kasi haijashuka. Nimefunga feni ya milimita 80 kwa vibano vya plastiki kwenye mnara, sasa haipiti 84, na kasi haishuki tena.

Lililobaki ni kujizima na kuwaka, ambako bado hutokea mara chache kwa GHz 4.0, na Event Viewer inaonyesha WHEA-Logger namba 18 yenye kosa la kashe. Katika programu ya HWiNFO64 nimeona kwamba ingawa BIOS (mipangilio ya ubao) inasema 1.35, volti ya viini inayosomwa kama SVI2 TFN hushuka hadi 1.27 mzigo unapoanza. Je, niiguse ile LLC, yaani mpangilio wa BIOS wa kuzuia volti isishuke mzigo unapoanza?

Zuu_Fundi amejibu:

Umefanya kazi nzuri, na kipimo hicho cha SVI2 TFN ndicho cha kuaminiwa, kwa sababu hutoka karibu na prosesa yenyewe, tofauti na vipimo vingine vya ubao.

Kushuka kutoka 1.35 hadi 1.27 ni kwingi, nako kunatosha kueleza kosa la kashe. LLC hupunguza kushuka huko, lakini ipandishe daraja moja tu, kisha upime tena chini ya mzigo. Ukiweka daraja la juu kabisa, volti huruka juu kwa muda mfupi sana kila mzigo unapoachiliwa, na mruko huo ni wa kasi kuliko programu inavyoweza kusoma, hivyo utaona namba nzuri ilhali prosesa inapigwa. Ukipata 1.31 au 1.32 chini ya mzigo, jaribu GHz 4.0 tena. Kosa likirudi, ninakubaliana na NusuVolti: shuka hadi 3.9 na uishie hapo, kwa kuwa kwenda 1.4 kutaipandisha VRM tena kuelekea nyuzi 100 hata ikiwa na feni.

Jaribio la mwisho lifanye mchana wa Februari, madirisha yakiwa kama yalivyo siku zote, kwa sababu mipangilio iliyofaulu Julai haijathibitishwa kwa joto la pwani.

Kapasita amejibu:

Nyongeza moja kabla hujaendelea: hifadhi mipangilio ya sasa kama profaili ndani ya BIOS, na uziandike namba zake kwenye karatasi pia. Ubao ukishindwa kuwaka baada ya jaribio, utalazimika kuondoa umeme na kuunganisha pini mbili za CMOS (kumbukumbu inayohifadhi mipangilio ya BIOS), au kuitoa ile betri ya CR2032 kwa dakika chache, na kila kitu kitarudi kiwandani. Kuhusu RAM, ukitaka kuirudia 3200 siku nyingine, weka volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu) kwenye 1.1 na uanze na kipande kimoja kimoja, prosesa ikiwa kwenye mipangilio ya kiwandani.