Forester turbo: nifunge vali ya kupuliza nje au ya kurudisha hewa?

MzeeWaBoxa
Wakuu, nina Forester SG5 ya 2004, turbo, gia ya mkono. Nikikanyaga mafuta hewa inavuja kwenye vali iliyokaa kwenye intakula (kile kipoza hewa ya turbo), gari inakuwa nzito kama imebeba mchanga. Fundi mmoja ana vali mpya ya kupuliza nje, ile ya "pshiii". Mwingine anasema nitafute ya kiwandani iliyotumika, ile ya kurudisha hewa. Bei zinakaribiana. Mke wangu hataki kelele, ila mimi, nisiwadanganye, pshiii naitaka. Nifunge ipi?

FundiKimya
Mkuu, ya kurudisha. Sababu ni hii.

Ukikanyaga, turbo inasukuma hewa kupitia intakula mpaka kwenye throto, mlango wa hewa wa injini. Ukiachia ghafla ubadili gia, kile kisahani cha throto kinajifunga, lakini turbo haijui. Bado inazunguka, na ikiwa kwenye kazi hupita mizunguko laki moja kwa dakika. Hewa inagonga mlango uliofungwa, inarudi nyuma kuyapiga mapanga ya turbo. Vali kazi yake ni kufungua mlango wa pembeni. Anayeiamrisha ni ule mpira mwembamba unaotoka kwenye manifodi (bomba linalogawia silinda hewa): throto ikifunga, injini inafyonza, kiwambo ndani ya vali kinavutwa, springi inazidiwa, hewa inatoka.

Mpaka hapo vali zote mbili ni ndugu. Zinatofautiana pale hewa inapokwenda. Ya kiwandani inairudisha kwenye bomba la kuingilia turbo. Nyingine inaimwaga chini ya boneti.

Sasa Subaru yako ina sensa ya hewa pale kwenye boksi la filta. Hewa ikishapita hapo, kompyuta imeshaihesabu na petroli yake imeshapangwa. Ukiimwaga nje, umepika ubwabwa wa wageni walioondoka. Petroli inazidi, unaona moshi mweusi, ekzosi inapasua risasi, sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inashuka, na siku nyingine gari inazima kwenye taa.

DogoGlanza
Mnatisha watu bure. Starlet Glanza yangu inapuliza nje mwaka wa nne huu na haijawahi kunizimia.

FundiKimya
Haiwezi kukuzimia, mdogo wangu. Glanza haina sensa ya kuhesabu hewa pale mlangoni, inapima mgandamizo ndani ya manifodi. Ukimwaga iliyo kabla ya throto haijali. Mark II za 1JZ turbo nazo hivyo hivyo. Ndiyo maana mtu akiniuliza "ipi bora", swali langu la kwanza ni gari gani.

XT_wa_Nairobi
Mimi nilifunga ya nje kwa SG5 kama hiyo yako. Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme wa Thika Road, kila nikiachia mafuta watu wa matatu wanageuka. Wiki ya tatu gari ikaanza kutetemeka ikisimama.

Lakini hasara kubwa haikuwa vali. Fundi alipoitoa ya zamani, ule mdomo wa kurudishia hewa kwa bomba la turbo aliuziba na kifuniko cha plastiki na tepu. Joto likalegeza tepu, shimo likabaki wazi likifyonza hewa ambayo haijapita kwa filta. Siku nilifungua bomba nikapitisha kidole ndani, kikatoka chekundu. Vumbi la Machakos lote lilikuwa linaelekea kwa turbo. Ukiamua ya nje, huo mdomo uzibwe na kizibo cha chuma na klipu, si tepu bana.

DogoGlanza
Haya. Lakini kuna za kati, kama Turbosmart Dual Port, inarudisha kwanza halafu ukiachia kwa nguvu inapuliza kidogo nje. Mzee atapata pshiii yake na ndoa itabaki.

FundiKimya
Hiyo naikubali, kama ni halisi. Sokoni kopi ni nyingi. Kopi nikiishika naangalia springi: ikiwa laini sana, vali ya nje inakaa imefunguka gari ikiwa sailensa, inaanza kunywa vumbi. Ikiwa ngumu sana haifunguki ukiachia taratibu, ndipo unasikia "stututu". Vijana wanadhani hiyo ni westigeti, ile vali ya kupunguza nguvu ya turbo. Siyo, ni hewa inayorudi kupitia mapanga ya turbo.

Kipanga_Arusha
Naomba kuingilia: Hilux yangu dizeli nayo nifungie?

FundiKimya
Hapana. Dizeli haibanwi hewa na throto unapoachia mafuta, kwa hiyo hakuna mlango wa kugongwa. Hela hiyo nunua oili.

MzeeWaBoxa, kabla hujanunua chochote, chomoa ule mpira mwembamba, chomeka mwingine safi juu ya vali na ufyonze kwa mdomo, kisha ziba kwa ulimi. Kiwambo kizima kitashika ulimi wako. Kilichopasuka kitaachia hapo hapo.

MzeeWaBoxa
Nimejaribu leo asubuhi. Ulimi umeshikwa barabara. Nikaugeuza ule mpira mwembamba wenyewe: una ufa kwenye kona, upande usioonekana. Na hewa niliyokuwa nasikia kando ni mpira wa chini ya vali, pale inapokaa kwenye intakula, umekauka kama biskuti. Nimebadilisha vyote viwili, nimetoka nayo mpaka Kibaha na kurudi. Inavuta.

Pshiii bado naitaka, lakini.