Namna ya kuwahimiza wanagenzi wa ufundi kufanya mazoezi ya mwili

Mkufunzi wa useremala (swali):
Wakufunzi wenzangu, ninasimamia wanagenzi wa useremala na uchomeleaji ambao wengi wao wana umri wa miaka 16 hadi 20. Kila ninapogusia mazoezi hunijibu kwamba wanashinda wakibeba mbao na vyuma, kwa hiyo miili yao imekwisha kutumika vya kutosha. Je, hoja yao ina msingi? Na kama haina, nianzie wapi bila kuwaongezea mzigo?

Mtaalamu wa fiziotherapia:
Ina msingi kwa kiasi fulani, kwani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unazihesabu pia shughuli za kazini. Mwongozo huo unapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17, na dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za nguvu ya wastani kwa watu wazima. Hata hivyo, kazi ya karakana mara nyingi ni kuinua kitu kizito kwa muda mfupi, kisha kuinama au kuchuchumaa katika mkao uleule kwa muda mrefu, hivyo moyo haupati kwenda mbio mfululizo, ilhali kiuno na mabega vinaelemewa. Tena mfanyakazi hajipangii kasi wala mapumziko yake, na hilo ni miongoni mwa sababu zinazotajwa na watafiti wanaoeleza kwa nini kazi nzito hailindi moyo kama mazoezi ya hiari yanavyoulinda. Mchomeleaji aliyeinama asubuhi nzima hahitaji kubeba zaidi, bali kutembea kwa kasi, kucheza mpira na kuunyoosha mgongo.

Mkufunzi wa ushonaji:
Wanagenzi wangu hukaa cherehani kutwa, lakini ugumu wa kuwahimiza ni uleule. Ushauri wangu ni kuutenga muda ndani ya ratiba ya mafunzo, kwa kuwa aliyekwisha kuchoka jioni hawezi kuchagua mazoezi mbele ya kupumzika, na mkufunzi mwenyewe ashiriki badala ya kusimama pembeni na filimbi. Waachiwe pia wachague michezo zaidi ya mmoja, maana soka ikitawala, watazamaji huwa ni walewale, na mara nyingi ni wasichana. Zaidi ya yote, mazoezi yasiwe adhabu: anayepigishwa pushapu leo kwa kuchelewa hatakuamini kesho ukimwambia kwamba pushapu ni jambo jema.

Mwanagenzi wa umeme:
Naomba niongeze kwa upande wetu, walimu wangu. Tukielezwa magonjwa ya uzeeni hatusikii, lakini tukionyeshwa kwamba miguu imara na mgongo wenye nguvu vinasaidia juu ya ngazi, tunasikiliza. Jambo jingine ni kwamba hatuwezi kukimbia kwa mabuti ya kazi na ovaroli, na pasipo mahali pa kubadilishia nguo na kuoga wengi watakwepa.

Mkufunzi wa useremala:
Nashukuru. Ratiba yangu imebana. Je, vipindi vya dakika 5 vina faida yoyote?

Mtaalamu wa fiziotherapia:
Vina faida. Mapendekezo ya awali yalitaka kila kipindi kifikie angalau dakika 10, lakini sharti hilo liliondolewa mwaka 2020. Anza na kunyoosha viungo kabla ya kuwasha mashine, na mwenye maumivu ya mgongo apimwe kwanza.