Martin Van Buren: ameonewa, au kusahauliwa ni haki yake?

Mwana wa Darajani
Wakuu, hili limenikaa rohoni tangu jana. Mwambie mtu akutajie marais wa Marekani, atataja Washington, Lincoln, Kennedy, Obama, halafu kimya. Martin Van Buren, rais wa nane, 1837 hadi 1841, hata kwao hawamkumbuki. Mimi nasema ameonewa. Ameapishwa Machi, Mei benki za New York zimeacha kubadilisha noti kwa sarafu za dhahabu na fedha, nchi ikaanguka kiuchumi, na chanzo kikubwa kilikuwa sera za Andrew Jackson aliyemtangulia. Lawama zikamwangukia yeye, wapinzani wakambatiza "Van Ruin", yaani Van Maangamizi. Akakataa kuiingiza Texas kwenye muungano kwa kuogopa vita na Mexico. Mwaka 1848 akagombea kupitia chama cha Free Soil, kupinga utumwa usienezwe kwenye ardhi mpya. Na ndiye aliyekuwa madarakani meli yetu Sultana ilipotia nanga New York ikitoka Unguja na zawadi za Sayyid Said. Hakuzichukua ziwe zake. Mtu kama huyo anastahili kusahauliwa? Karibuni.

Mwalimu wa Zamu
Ndugu, umewaruka Wacherokee. Sheria ya kuwahamisha Wahindi Wekundu ilisainiwa na Jackson 1830, sawa. Lakini jeshi lililowatoa majumbani mwao 1838 lilitumwa na serikali ya Van Buren: Jenerali Winfield Scott na askari kama 7,000. Watu wapatao 16,000 walitiwa kambini, kisha wakaswagwa magharibi ya Mississippi, wengi kwa miguu na wengine kwenye theluji. Hesabu inayotajwa zaidi ni vifo 4,000. Desemba 1838 Van Buren akaliarifu Bunge kwa furaha ya dhati kuwa kazi imekamilika. Usimsukumie Jackson hilo.

Msafiri wa Muttrah
Naomba nikosoe hapo kwenye "meli yetu". Sultana ilikuwa ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman. Mkataba wa biashara na Marekani, 21 Septemba 1833, Edmund Roberts aliusaini Muscat, si Unguja. Tuheshimu historia za watu.

Mwana wa Darajani
Sheikh, heshima yako ipo palepale. Lakini meli iling'oa nanga wapi kwenda Marekani? Unguja. Karafuu zilizokuwamo zililimwa wapi? Wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Marekani, walikuwa wanafuata nini kama si pembe za ndovu na sandarusi, na walikuwa wanazinunua wapi? Konsuli wao, Richard Waters, alikaa Unguja tangu 1837. Mkataba uliwapa ushuru wa asilimia 5 na walioutumia zaidi walikuwa Forodhani.

Msafiri wa Muttrah
Kusainiwa ni Muscat. Na balozi aliyekwenda na Sultana, Ahmad bin Na'aman, alimwakilisha nani? Duka likiwa Unguja, mwenye duka ni nani?

Pwani Asilia
Mnagombania duka. Hebu mniambie pembe hizo zilishuka vipi kutoka bara mpaka pwani. Zilibebwa mabegani mwa watu, na wengi wao waliuzwa pamoja na pembe. Nimechoka kusoma "meli yetu" na "mtawala wetu" kana kwamba wale wabebaji hawakuwa na mama zao.

Msafiri wa Muttrah
Nilijua tu tutafika huko. Kila akitajwa Muoman lazima yaje ya utumwa. Marekani yenyewe wakati huo ilikuwa na watumwa zaidi ya milioni mbili. Mbona hilo halikuumi?

Pwani Asilia
Linaniuma, ndiyo maana nipo hapa. Na kwa taarifa ya mwenye mada, Van Buren mwenyewe aliwahi kumiliki mtumwa, jina lake Tom, akatoroka. Alipoonekana Massachusetts miaka kama kumi baadaye, bwana wake alikubali kumuuza kwa dola 50. Huyo ndiye mgombea wako wa 1848.

Kijana wa Mikindani
Hivi si ndiye aliyeletewa simba wawili na Sultani wetu akawafuga ikulu? Tulisimuliwa shuleni.

Mwalimu wa Zamu
Hapana, kijana wangu. Simba walitolewa na mfalme wa Morocco, 1839, wakakabidhiwa konsuli wa Marekani kule Tangier. Zawadi za Sayyid Said zilikuwa farasi wawili wa Kiarabu, lulu, upanga, shali za Kashmir, mafuta ya waridi. Mwaka ni 1840.

Bi Mwanakheri, Tanga
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi si msomi wa marais. Marehemu bibi yangu alikuwa na gora la merikani kwenye kasha lake, lile kasha la misumari ya shaba. Nguo nzito, rangi ya maziwa yaliyoanza kugeuka, ukiikwaruza kwa ukucha inatoa unga wa wanga. Hakuruhusu ikatwe. Alisema nguo hii inaitwa merikani kwa kuwa watu wa Merikani ndio walioileta, na mpaka leo sokoni ukisema merikani unaeleweka. Sasa ninalotaka kuuliza: zile zawadi zilipokataliwa zilirudishwa? Kwetu, ukimrudishia mtu zawadi yake umemvunjia heshima mbele ya nyumba nzima.

Mwana wa Darajani
Marahaba, Bi Mkubwa, na asante. Hazikurudishwa. Katiba yao inamkataza rais kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila ridhaa ya Bunge. Van Buren akalipelekea Bunge suala hilo, Bunge likaamua vitu visivyoweza kuhifadhiwa viuzwe na fedha ziingie hazina. Farasi waliuzwa, lulu zilibaki kwenye hifadhi ya serikali. Nipeni kiongozi wetu mmoja wa zama zile au hizi aliyefanya hivyo.

Kijana wa Mikindani
Yaani zawadi ya mfalme ikapigwa mnada? Hiyo ni dharau kubwa kuliko kuirudisha!

Msafiri wa Muttrah
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na kijana. Sayyid alimtumia farasi wa damu, wakauzwa kama ng'ombe wa mdaiwa.

Mwana wa Darajani
Msikuze. Serikali ya Van Buren iliifanyia Sultana matengenezo makubwa kwenye karakana ya jeshi la majini Brooklyn kwa gharama yake. Ahmad bin Na'aman alitembezwa New York, wenyeji wakamshangilia, msanii Edward Mooney akamchora akiwa na kilemba chake. Huko ndiko kudharauliwa?

Mwalimu wa Zamu
Naomba msome hili kabla hamjarudi kwenye farasi. Wakati Sultana inatengenezwa Brooklyn, New Haven, kilomita kama 130 tu kutoka hapo, Waafrika wa meli ya Amistad walikuwa kifungoni. Wamende wa Sierra Leone, waliotekwa, wakauzwa Cuba, wakaasi na kuiteka meli iliyowabeba 1839. Serikali hiyohiyo ya Van Buren ilitaka wapewe Wahispania. Januari 1840 ilipeleka meli ya kivita, Grampus, ikae New Haven tayari kuwapakia kwenda Cuba mara hakimu atakapotoa hukumu, kabla hawajawahi kukata rufaa. Hakimu akasema ni watu huru. Serikali ndiyo ikakata rufaa! Mahakama Kuu iliwaachia Machi 9, 1841, baada ya rais wa zamani John Quincy Adams kuwatetea, na Van Buren alikuwa ameondoka madarakani siku tano tu. Mwafrika mwenye barua ya Sultani alitengenezewa meli bure. Asiye na Sultani aliandaliwa meli ya kumrudisha utumwani. Mwana wa Darajani, hapo unasemaje?

Msafiri wa Muttrah
Ahmad bin Na'aman alikuwa Mwarabu, si Mwafrika. Tuwe makini na maneno.

Pwani Asilia
Katika yote hayo, umeona hilo tu?

Kijana wa Mikindani
Kwani Sayyid alihamia Unguja mwaka gani? Kama alishahamia, Ahmad alikuwa mtu wa Unguja.

Msafiri wa Muttrah
1840.

Mwana wa Darajani
Wengine wanaandika 1832, Sheikh, na unajua.

Mwalimu wa Zamu
Nangoja jibu langu.

Mwana wa Darajani
Mwalimu, nimelisoma swali lako mara tatu tangu adhuhuri. Habari ya Grampus sikuwa nayo, na nimekwenda kuihakiki: ni kweli. Nilimpenda Van Buren kwa sababu ya Sultana, nisiwafiche. Nilipokuwa mdogo niliona kwenye kitabu ile picha ya Ahmad bin Na'aman, nikajiona mkubwa. Kuhusu Texas na 1848 sijabadilika. Kuhusu New Haven sina cha kumtetea.

Bi Mwanakheri, Tanga
Na hao Wamende walifika kwao, mwanangu?

Mwalimu wa Zamu
Waliobaki hai 35 walipanda meli Novemba 1841. Nauli walichangiwa na wapinga utumwa na watu wa makanisa. Serikali haikutoa senti.