Kamera ya kusoma namba za magari getini: niiweke wapi?

Mama_wa_Kiamunyi
Hamjambo wadau. Mwezi uliopita usiku kanta ya mchanga ilikuwa inageuza hapa kwangu Kiamunyi, ikarudi nyuma na kuangusha nguzo ya geti. Dereva akajiendea. Nina kamera ya megapikseli 8 chini ya paa, nikajua nimemshika. Asubuhi nafungua rekodi: kanta naiona, mchanga nauona, hata kandambili za utingo naziona. Penye namba pana weupe mtupu, kama karatasi.

Sasa nataka kamera ya kusoma namba tu. Kutoka nyumbani hadi getini ni mita 15, na nje ni murram. Fundi mmoja ananiambia nichukue ya megapikseli 12, aipandishe juu kabisa "ione kila kitu". Nimkubalie?

fundi_waya
Usimkubalie, mama. Inayoona kila kitu ndiyo hiyo isiyosoma namba. Hebu tupige hesabu. Kamera nyingi huja na lenzi ya milimita 4, na kwa mita 15 hiyo hufunika upana wa kama mita 20. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana, kwa hiyo kila mita inapata pikseli 96. Kibao cha namba ni kama nusu mita, kitapata 48. Hapo B na 8 ni mapacha. Weka lenzi ya milimita 12 palepale: upana unashuka chini ya mita 7, na kibao kinapata pikseli kama 140. Megapikseli 2 zinatosha kabisa. Nunua yenye lenzi ya kuvuta, 2.8 hadi 12, na uhakikishe dukani kwamba shata yake (muda inaopokea mwanga kwa kila picha) inawekwa kwa mkono. Wengi hulisahau hilo la shata.

Usiku kamera ikijiamulia huacha shata wazi hata 1/25 ya sekunde. Gari la kilomita 20 kwa saa linakuwa limesogea sentimita 22. Weka 1/1000. Picha itakuwa nyeusi tii na utadhani imekufa, lakini kibao hurudisha mwanga wa infraredi (ule wa taa za kamera, usioonekana kwa macho) kulikotoka, kwa hiyo kitang'aa peke yake gizani. Ule weupe wako ulikuwa hivi: kamera ilihangaika kukuonyesha ukuta, ikakiunguza kibao.

Mzee_wa_Lanet
Hayo yote niliyafanya, bado nikaumia. Niliielekeza magharibi. Hapa Nakuru tuko karibu na ikweta, jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, na lilikuwa linaiingia kamera machoni kila jioni, saa ileile watu wanaporudi nyumbani.

Nimeishusha hadi mita moja na robo, ndani ya kijumba cha chuma kilichochomelewa kwenye nguzo, maana huko chini mikono hufika. Pembe kati ya kamera na kibao isipite digrii 30, ya juu wala ya ubavuni, la sivyo herufi zinabanana. Na inatazama magari kwa nyuma, yakishapita. Taa kubwa za mbele hazikusumbui, tena boda hana kibao mbele. Usiku usitafute ile rangi ya njano ya kibao cha nyuma, infraredi haionyeshi rangi.

Halafu buibui! Zile taa za kamera huvuta wadudu, naye anajenga utando juu ya kioo. Kila Jumamosi napitisha kitambaa, natoa na vumbi la murram.

Jirani_58
Ukishaipata namba, dada, usianze kumsaka mtu mwenyewe. Piga ripoti polisi, uchukue nambari ya OB (kitabu chao cha matukio), wao ndio watafute mwenye gari kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Na lenzi iishie kwenye njia yako. Ukianza kurekodi geti la jirani, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ile kamera ya zamani iache palepale. Namba bila sura ya gari ni nusu ya ushahidi.

Mama_wa_Kiamunyi
Asanteni. Nimenunua ya megapikseli 2, nimeifunga kwenye nguzo iliyobaki. Nimejaribu na Probox yangu. Mchana inasoma vizuri mno. Usiku kibao kinang'aa kama mlivyosema, ila herufi zina ukungu. Shata ni 1/1000, kioo nimekifuta.

fundi_waya
Fokasi uliiweka mchana? Lenzi haikusanyi mwanga wa infraredi mahali palepale inapokusanya wa jua. Paki Probox pale gari linaposimama, ngoja giza liingie vizuri, ndipo urekebishe.

Mama_wa_Kiamunyi
Saa mbili usiku, kijana wangu ameshika simu na kunisomea, mimi niko kwenye ngazi nikizungusha. Zimetoka zote, hadi herufi ya mwisho. Nguzo nyingine inajengwa Jumatatu.